Maisha ya Mama Pindo, Fundi Asiyekata Nguo ya Mgonjwa

Mkasi uligonga ukingo wa beseni gizani, na mtoto akalia. Alizaliwa hivyo mwaka 1953, alfajiri ya Jumapili ya Matawi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, taa ikiwa imeishiwa mafuta na mkunga akikata kitovu kwa kupapasa. Mkasi wenyewe ulikuwa wa mama yake, mshonaji wa nguo za watoto, nao ulikuwa umechemshwa katika sufuria ya uji kwa kuwa hapakuwa na nyingine safi. Mkunga akatania kwamba mtoto aliyepokewa kwa mkasi wa fundi hatakula kwa jembe, na alisema kweli. Jina la ubatizo la mtoto huyu limo katika kitabu cha parokia, lakini katika miaka yake ya mwisho hakuna aliyemwita kwa jina hilo; wote walimwita Mama Pindo, na sababu yake itaonekana mbele. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, nasi hatuna haraka ya kulitangulia Kanisa. Tunaandika maisha yake kwa ajili ya waumini, hasa akina mama wenye watoto wachanga, ambao wengi wao leo wanabeba mgongoni watoto wazima wa afya bila kujua ni nani aliyewaonyesha mama wa mtaa huu njia ya kwenda zahanati.

Alijifunza kushona akiwa amekaa chini ya meza ya mama yake, akiokota vishikizo na vipande vya vitambaa. Akiwa msichana alipata cherehani yake mwenyewe, ya kukanyaga, kisha akaolewa na fundi viatu, mtu mpole mwenye utani mkavu. Walifungua kazi katika chumba kimoja cha mbele kinachotazama barabara ya soko: kulia cherehani, kushoto kiti kifupi cha fundi viatu na harufu ya gundi. Mungu hakuwajalia mtoto. Hata hivyo nyumba yao haikupungukiwa watu, maana Mama Pindo alikuwa na mikono ya dhahabu na ulimi wa wembe. Watu walileta nguo zishonwe, wakakaa ili wacheke. Alipompima mteja hakunong'ona vipimo, alivitangaza, na mumewe akaviandika kwa chaki ukutani. "Kiuno kimeongezeka, shoga! Huyo bwana anakulisha au anakufuga?" Wote walicheka, na mteja akacheka kuwapita wote. Mumewe alimwonya kwa njia yake. "Mke wangu," alimwambia, "cherehani yako ukiishika gurudumu inasimama. Mdomo wako gurudumu lake liko wapi nikushikie?" Naye alijibu, "Litafute humo kwenye viatu." Tunayaandika haya kwa sababu mtoto akisimuliwa mwisho mwema peke yake, ataona utakatifu ni mali ya watu wa mbali waliozaliwa wakiwa wamekwisha kunyooshwa.

Ilipofika mwaka 2005, UKIMWI ulikuwa umeshabisha hodi karibu kila nyumba ya mtaa ule, lakini midomo ilipita pembeni. Ilisemwa kwamba fulani amekanyaga waya, au kifua kinamsumbua, au amelogwa na ndugu wa mume. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kufika katika zahanati, na muuguzi wa zahanati alikuwa akiwatafuta watu mmoja mmoja. Ila njia ya zahanati ilipita mbele ya soko, na wengi waliona heri wafe kuliko waonekane pale. Katika mtaa huo aliishi mpishi wa shule ya chekechea, mwanamke kijana, mjane, mwenye binti wa miaka miwili. Alikuwa na nguo moja ya Jumapili, ya njano yenye kola nyeupe, na kanisa zima liliijua kwa kuwa aliimba mstari wa mbele wa kwaya. Aliileta kwa Mama Pindo ipunguzwe. Baadaye akaileta tena. Alipoileta mara ya tatu aliomba kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiomba. Desturi ya mafundi ni kwamba nguo ikishabanwa, kitambaa kinachobaki ndani ya mshono hukatwa ili nguo ikae vizuri mwilini. Yule mpishi alisogea karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Usikate, Fundi. Nimeanza zile dawa. Nitanenepa tena."

Kesho yake soko lilipokuwa limejaa, Mama Pindo aliitoa nguo ile kwenye msumari, akaishika mabegani na kuiinua mbele ya waliokuwa wakisubiri. Hakutaja jina la mtu. Maisha yake yote yaliyobaki alilirudia hilo kwa uchungu, kwamba hakutaja jina, kana kwamba nguo haiwezi kujitaja. "Jamani njooni mwone," alisema. "Tunapunguza tena, na mwenyewe anasema tusikate, eti atanenepa! Amekaa kituoni anangoja basi lililopita jana!" Muuza mboga, aliyekuwa rafiki wa yule mpishi na mwimbaji mwenzake, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasogea karibu. Akaitazama kola nyeupe, akasema polepole, "Hiyo si ya yule anayewapikia watoto wetu?" Wote walikuwa wameshajijibu. Fundi viatu alikuwa ameshika nyundo hewani. "Mke wangu," alisema, "hapo umeshona nini?"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mzaha ule ulikimbia kuliko miguu. Kabla ya juma kuisha wazazi walikuwa wamekwenda shuleni kudai mpishi aondolewe. Muuguzi naye alikwenda, akawaeleza kwamba virusi havikai kwenye sufuria wala havipiti kwenye mwiko. Wakamsikiliza kwa heshima, wakamshukuru sana, na mpishi akafukuzwa. Waliofanya hivyo walikuwa waumini wa parokia hii, na wengine walitoka kwenye mkutano ule wakaenda moja kwa moja kwenye sala za jumuiya. Yule dada aliacha kuimba. Akaacha na kwenda kuchukua dawa, kwa kuwa kila aliyesimama kando ya njia ile alikuwa amesikia habari ya basi. Mama Pindo alimwendea nyumbani, nguo mkononi. Mlango ulifunguka kidogo tu, kiasi cha uso.

"Dada yangu, nimekuja..."

"Umekata?"

"Sijakata."

"Basi itunze."

Mlango ukafungwa taratibu, bila kubamizwa, na hilo lilimuuma zaidi. Alirudi mara nyingine, na nyingine tena, lakini haukufunguliwa. Mpishi alifariki mwanzoni mwa Kwaresima ya mwaka 2006. Kanisani, siku ya maziko, viti vya mbele vilibaki vitupu. Watu walijibana nyuma kana kwamba jeneza lingekohoa. Msamaha ambao Mama Pindo alikuwa ameufuata hakuupata kwa mdomo wa yule aliyemkosea, na hatakuja kuupata kwa mdomo huo.

Wito wake ulimjia makaburini. Muuguzi alikuwa amembeba binti wa marehemu mgongoni, na watu walipotawanyika hakutokea ndugu yeyote wa kumpokea. Mama Pindo akasogea, akaomba apewe. Muuguzi alikaza kanga aliyombebea mtoto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na habari ya nguo alikuwa nayo. "Unamtaka kwa upendo au kwa aibu?" alimwuliza. Mama Pindo akajibu, "Kwa aibu, dada. Upendo sijaufikia." Muuguzi akafungua kanga. "Mchukue. Lakini mtoto ana virusi, na kila jioni atameza dawa bila kukosa. Na wewe Jumanne uje kwetu." Jioni ile ile mtoto alitumbukiza mkono kwenye kopo la vishikizo, akatia kimoja kinywani, na fundi viatu akakitoa kwa kidole huku akimwambia, "Hiki ni cha shati la padri, mwanangu, hakimezwi." Tangu hapo mtoto akaitwa Kishikizo, naye aliwaita Bibi na Babu.

Huko Jumanne kulikuwa na kikundi kilichoitwa Mpango wa Majirani, kilichokutana kwenye ukumbi mdogo wa zahanati. Muuguzi alikuwa amegundua kwamba mabango na hotuba haviwafikii watu, kwa sababu watu walijua yote na bado hawakuweza kufungua mdomo nyumbani kwao. Basi aliwafundisha kusema. Katikati ya ukumbi kiliwekwa kiti kitupu. Kila mmoja kwa zamu alikaa mbele yake, akasema ile sentensi iliyomshinda: mke amwambie mume twende tukapime pamoja, kijana aseme bila kinga sikubali, mgonjwa aseme natumia dawa. Baadaye alimwambia jirani maneno yale yale, kisha akayapeleka nyumbani. Dereva mmoja wa lori alikizoea kiti mno, hata alipofika kwake akaanza, "Sikiliza, kiti wangu..." Mkewe alicheka mpaka akakaa chini, na katika kicheko hicho wakakubaliana kwenda kupima wote wawili. Mama Pindo, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote mtaani, alikaa mbele ya kiti akawa bubu. Sentensi yake ilikuwa fupi, nayo alikuwa amekusudia kumwambia Kishikizo siku moja: mimi ndiye niliyemuumbua mama yako. Ilimkwama. Aliondoka akilia, na Jumanne iliyofuata akarudi.

Katika kazi yake alibadilika mbele ya macho ya watu. Alitundika pazia pembeni mwa chumba, akawa anapima nyuma yake kimyakimya, na vipimo aliviandika kwa chaki kwenye kiganja chake mwenyewe, halafu akavifuta kwa sketi. Mgonjwa aliyeleta nguo ipunguzwe alimwambia neno moja tu, "Sikati." Kitambaa chote kilichozidi alikikunja ndani ya mshono na ndani ya pindo, akakishikiza kwa uzi wa mkono, ili siku mwili ukirudi nguo ifumuliwe na imtoshe mwenyewe. Ndipo alipopata jina la Mama Pindo. Wagonjwa walilielewa neno lile kuliko ushauri mrefu. Mtu aliyekuwa ameacha dawa alipojua kwamba kuna mahali nguo yake inamngoja, alizirudia. Mchana alitembea nyumba kwa nyumba na Majirani wenzake, na wajawazito walioogopa kupita mbele ya soko aliongozana nao, mita ya kupimia ikiwa shingoni, ili anayetazama adhani wanakwenda kupimwa nguo. Wale waliokutwa na virusi walipewa dawa mapema, na watoto wao wakazaliwa salama. Vijana aliwaeleza habari za kusubiri, za uaminifu na za kondomu pia, bila kuzungushazungusha. Padri aliposikia hilo la mwisho alikohoa sana, lakini hakumkataza.

Majaribu yake makubwa hayakutoka kwa wapagani. Majirani walipoomba ukumbi wa parokia kwa sababu ule wa zahanati ulikuwa umefurika, baraza la walei lilijibu kwamba mambo ya zahanati yabaki zahanati. Akina mama wa kwaya waliyachukua majoho yao yakiwa hayajamalizika, wakayapeleka kwa fundi mwingine, na aliyewatangulia alikuwa muuza mboga. Alisimama mlangoni, joho limening'inia mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Si ubaya, mama. Ila una mtoto yule humu ndani, na hizo sindano hatujui zimemchoma nani kabla ya kutufikia sisi." Fundi viatu alijibu bila kuinua kichwa, "Zimenichoma mimi, shemeji, tangu ujana wangu. Na bado ninamaliza sahani mbili." Wapita njia walicheka, lakini Mama Pindo alimshika mumewe bega. "Mwache," alisema. "Kicheko nilimfundisha mimi." Hakumjibu muuza mboga siku ile wala siku nyingine, na kila Jumapili alimpa mkono wa amani. Mara nyingi mkono wake uliachwa hewani, mbele ya altare, mbele ya watoto waliokuwa wakijifunza kwetu namna ya kuwa Wakristo.

Lakini kushindwa kwake kwa muda mrefu zaidi kulikuwa ndani ya nyumba yake. Kishikizo tangu utotoni aliambiwa kwamba vidonge vyake ni vya kifua. Mtu aliyewafundisha wengine kusema kweli mbele ya kiti alimpa mtoto uongo kila jioni, pamoja na glasi ya maji. Mwaka 2013, mtoto akiwa na miaka kumi, Mama Pindo alitikisa kopo akitafuta kishikizo cha shati, na kopo likatoa sauti isiyokuwa yake. Chini kabisa vilikuwemo vidonge, vingine vimeanza kumomonyoka. Mtoto alikuwa akivibana shavuni, kisha anavificha humo.

"Umeniambia dawa za kifua," Kishikizo alisema, "na mimi sikohoi. Shuleni wanasema ni dawa za wale watu. Bibi, wale watu ni akina nani?"

"Meza kwanza, tutaongea."

"Ongea kwanza."

Mama Pindo alikimbilia kwa muuguzi. Muuguzi akamwambia, "Virusi havikungoji wewe upate ujasiri, mama. Mtoto huyu akiendelea hivi atapita njia ya mama yake. Mwambie, na umwambie yote, maana nusu ataijua sokoni." Hiyo yote ndiyo iliyomtisha. Mtoto akijua ugonjwa atauliza mama yake alikufaje, na akijua mama yake alikufaje atajua ni nani aliyeinua nguo. Mama Pindo hakuwa na mtoto mwingine duniani. Alizunguka chumbani, akamwomba mumewe amwekee kiti katikati ajaribu kwanza maneno. "Kiti cha nini?" fundi viatu alisema. "Mtoto si huyu hapa? Mchelea mwana kulia hulia yeye." Akafunga mlango wa barabarani ingawa jua bado lilikuwa juu, akatoka nyuma.

Mama Pindo alimketisha Kishikizo kwenye kigoda cha cherehani, akaitoa nguo ya njano kutoka mahali alipokuwa ameitunza miaka yote ile. Alimweleza jina la ugonjwa na kazi ya dawa. Alimwambia kwamba mtu anayezimeza vizuri anaishi, anasoma, anaolewa, anazaa mtoto asiye na virusi. Alimwambia kwamba mama yake alizianza dawa hizo akiwa na matumaini. Kisha akasema ile sentensi. Mtoto alikuwa ameishika kola nyeupe kwa vidole viwili.

"Alilia?"

"Sijui, mwanangu. Alifunga mlango."

Kishikizo alishuka kwenye kigoda, akaenda uani kwa babu yake. Kwa majuma mengi baada ya hapo hakumwita Bibi. Alimwita Fundi, kama mteja. "Fundi, naenda shule." "Fundi, chakula kipo?" Dawa alimeza, lakini kwa mkono wa babu. Mama Pindo hakudai jina lake. "Ndilo nililokuwa nalo siku ile," alimwambia mumewe, "acha anipime nalo." Aliamka mapema kuliko kawaida, akasali, akamfulia mtoto sare, na kila jioni aliweka glasi ya maji dirishani, hata kama mwingine ndiye atakayeishika. Jioni moja ya mvua alikuwa ameinamia cherehani aliposikia nyuma yake, "Bibi, glasi yangu iko wapi?" Hakugeuka mara moja, maana uso wake haukuwa wa kuonyeshwa mtoto. "Ipo dirishani," alisema, "ilipo kila siku."

Alipoona amerudishiwa jina hilo, alitaka kulipa deni lake lililobaki, lile la hadharani. Alimwomba Kishikizo ruhusa kwanza. Mtoto alifikiri, akasema, "Langu usiseme. Sema lako." Padri naye alimsihi ataje "kosa fulani dhidi ya jirani", inatosha, watu wataelewa. Mama Pindo alimjibu kwa heshima, "Baba, nguo niliiinua mbele za watu. Siwezi kuishusha pembeni." Basi Jumapili moja ya Majilio, baada ya matangazo, alisimama mbele akasema kwamba mpishi wa chekechea alimwamini kwa siri yake, naye akaifanya kichekesho, na yule dada akaacha dawa kwa aibu, akafa. Hakumtaja muuza mboga. Hakumtaja mzazi hata mmoja kati ya wale waliokwenda shuleni, ingawa walikuwa wameketi mbele yake na aliwashonea wote. Alisema lake tu, kama alivyoagizwa na mtoto. Watu walitazama sakafu, na wapo waliotoka kwa mlango wa pembeni bila kusubiri baraka. Juma lililofuata baraza la walei liliutoa ukumbi wa parokia kwa ajili ya Mpango wa Majirani, bila barua wala hotuba. Mhudumu wa zahanati alikuta funguo za ukumbi mezani.

Mambo ya ajabu yanayosimuliwa juu yake si ya vipofu kuona. Inasimuliwa kwamba mwashi aliyeletwa kwake amebebwa kwenye toroli, suruali ikamwanguka alipojaribu kusimama, alirudi mwaka uliofuata kwa miguu akalalamika kwamba suruali ile inambana, na Mama Pindo akapiga vigelegele mpaka soko likaja kutazama, asimwambie mtu sababu. Inasimuliwa kwamba katika miaka yake ya mwisho hakuna mjamzito hata mmoja kati ya wale aliowasindikiza aliyejifungua mtoto mwenye virusi. Muuguzi husema hiyo ni kazi ya dawa. Mama Pindo alipoulizwa alikubaliana na muuguzi, akaongeza kwamba Mungu naye hushona kwa uzi anaouona karibu.

Alifariki mwezi wa Septemba mwaka 2015, asubuhi ya siku ya kazi, amekaa kwenye cherehani, moyo ukiwa umemsimama. Mbele yake palikuwa na nguo ya njano. Kishikizo, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na miwili, alikuwa ameiomba, na bibi yake alikuwa akiifumua mishono aliyoibana kwa mkono wake miaka kumi nyuma. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani kilitoka kikiwa cha njano mbichi kuliko kile kilichopigwa na jua. Ulibaki mshono mmoja wa ubavuni. Fundi viatu hakujua kutumia cherehani, na mtoto hakutaka fundi mwingine aiguse, basi waliumalizia pamoja, babu na mjukuu, kwa sindano ya viatu na uzi mweusi wenye nta.

Wenye kumpenda wanaombwa wamwige. Wasianze na makubwa. Anayepima mwili wa mwenzake, iwe kwa mita, kwa kipimo cha damu au kwa macho tu, aandike kwenye kiganja na kufuta. Anayeshika nguo ya aliyekonda asikate, amwachie nafasi ya kurudi. Na mzazi mwenye neno gumu asimwachie mtoto alipate sokoni. Mpango wa Majirani unaendelea kila Jumanne katika ukumbi wa parokia, kiti kikiwa katikati, na wanaokikalia sasa wengi ni vijana, wengine na wachumba wao, wanacheka, wanajaribu tena. Aibu haijaisha kwetu, ila imepata kazi.

Kwenye misa ya kumwombea, padri aliuliza kama kuna mtu wa nyumbani mwenye neno. Kishikizo akasimama, akapita katikati ya viti. Nguo aliyoivaa ilikuwa ya njano mbili, iliyofifia na ile mpya, na ubavuni ulionekana mstari mweusi wa uzi wa viatu. Waliokuwa wakubwa mwaka 2005 waliitambua kola kabla hajafika mbele. Muuza mboga, aliyekuwa kwenye mstari wa kwanza wa kwaya, alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mtoto aliwageukia, akashika sketi pande zote mbili ili waione vizuri.

"Hii ni nguo ya mama yangu," alisema, "na imenitosha."